Picha za Kivuli cha Mimea: Zana ya Kufundishia Sayansi katika Shule ya Msingi

Miongoni mwa matatizo yanayomkabili mwalimu wa shule ya msingi anapofundisha habari za mimea, kuna moja ambalo hutajwa mara chache, nalo ni kwamba jani ni dogo na darasa ni kubwa. Mwalimu husimama mbele ya wanafunzi sitini au zaidi, akashika kijani cha mwarobaini kwa vidole viwili, akasema kwamba kingo zake zina meno kama ya msumeno. Wanafunzi wa dawati la mbele huyaona meno hayo. Waliobaki huona kitu cha kijani, kisha huandika daftarini neno "meno" kwa kuwa mwalimu ameliandika ubaoni. Siku ya mtihani neno hilo litajibiwa vizuri, na huyo aliyelijibu pengine hajapata kuyaona meno yenyewe maishani mwake, ingawa mwarobaini umesimama katika kiwanja cha shule na yeye hula chakula chake cha mchana chini yake.

Katika makala haya tunakusudia kueleza njia moja ya kulipunguza tatizo hilo, yaani kupiga picha za karibu za mimea ambazo mmea huonekana mweusi mbele ya mwanga mweupe. Tutaziita picha za kivuli. Mwanachuo anaweza kuzitengeneza chumbani mwake, kwa simu ya mkononi, karatasi, mafuta kidogo ya kupikia na boksi la katoni. Mifano yetu tumeichukua katika wilaya za Korogwe na Handeni. Wilaya hizi ni jirani, lakini mimea yake hutofautiana sana: Korogwe ina bonde la mto Pangani, mashamba ya mkonge na miteremko yenye unyevu ya Usambara, na Handeni ina nchi kavu zaidi, yenye vichaka vya miiba na mibuyu. Mwanachuo aliyepangiwa mazoezi ya kufundisha katika mojawapo ya wilaya hizo hatakosa mmea wa kuanzia.

Asili ya picha hizi

Kuchora sura ya mtu kwa kufuata kivuli chake ni kazi ya kale. Huko Ufaransa, katika karne ya 18, watu wasioweza kumlipa mchoraji wa rangi walikatiwa sura zao katika karatasi nyeusi. Picha hizo zikapewa jina la Étienne de Silhouette, waziri wa fedha aliyeshika wadhifa huo kwa miezi michache tu mwaka 1759, na ambaye kubana kwake matumizi kulifanya jina lake litumike kwa mzaha kwa kila kitu cha bei rahisi.

Kwa mwalimu wa sayansi, hata hivyo, historia yenye manufaa zaidi ni ile ya mimea. Katika miaka ya 1830 Mwingereza William Henry Fox Talbot alilaza majani juu ya karatasi iliyotiwa chumvi na nitrati ya fedha, akaiweka juani. Mahali palipopigwa na mwanga pakawa peusi, na palipofunikwa na jani pakabaki peupe. Mwaka 1842 John Herschel aligundua namna ya kutumia chumvi za chuma ili kupata picha ya rangi ya buluu, na mwaka uliofuata, 1843, bibi mmoja mtaalamu wa mimea, Anna Atkins, akaanza kutoa kitabu chenye picha za namna hiyo. Kitabu hicho huhesabiwa kuwa cha kwanza kupambwa kwa picha zilizofanywa na mwanga. Alichokipiga picha Atkins kilikuwa mwani, ule ule ambao jamaa zake hulimwa katika bahari ya Mkoa wa Tanga. Tena hakutumia kamera. Alitumia jua, kioo, karatasi na mwani wenyewe, na picha zake bado hutazamwa na wataalamu hadi leo.

Aina mbili za kivuli

Kabla ya kuanza kazi, mwanachuo hana budi kutofautisha mambo mawili ambayo kwa macho hufanana. La kwanza ni kivuli kilichoanguka: mwanga unatoka upande mmoja, jani liko katikati, na giza la jani linaangukia karatasi iliyo upande wa pili. La pili ni umbo lililo mbele ya mwanga: tunalitazama jani lenyewe, lakini kwa kuwa nyuma yake kuna mwanga mwingi na mbele yake kuna giza, tunaliona jeusi. Katika aina ya kwanza tunapiga picha ya karatasi. Katika ya pili tunapiga picha ya jani. Tofauti hii inatupasa kuchagua taa kwa namna mbili zinazopingana, na hapa ndipo wengi hukwama.

Kivuli kilichoanguka huhitaji mwanga unaotoka mahali padogo. Mwanga unaotoka mahali papana huzunguka kingo za jani na kuzitia ukungu. Jua ni kubwa mno, lakini kwa kuwa liko mbali, upana wake machoni petu ni kama nusu digrii tu. Kutokana na hilo tunaweza kupiga hesabu: ukungu wa kingo za kivuli cha jua ni kama sehemu moja ya 110 ya umbali kati ya jani na karatasi. Jani likiwa sentimita 11 kutoka kwenye karatasi, ukungu huwa kama milimita 1, na hapo meno madogo ya jani yameshaanza kupotea. Jani likiwa sentimita 1 kutoka kwenye karatasi, ukungu huwa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na hata laika za jani zitaonekana. Sasa tulinganishe na mwanga wa dirisha lenye upana wa sentimita 60 lililo mita 3 kutoka mezani. Hapo ukungu ni sehemu moja ya tano ya umbali. Jani hilo hilo lililo sentimita 1 juu ya karatasi litapata ukungu wa milimita 2, na kivuli chake kitafanana na doa la chai. Hesabu hii ni nyepesi, na tunashauri ifanywe na wanachuo wenyewe kwa rula kabla ya kuamini maneno yetu.

Wako wanaotaka kukikuza kivuli kwa kulisogeza jani karibu na taa, kama watoto wanavyofanya kwa vidole mbele ya kibatari ili kutengeneza sungura ukutani. Kivuli hukua kweli. Taa ikiwa mita 1 kutoka ukutani na jani likiwa sentimita 25 kutoka kwenye taa, kivuli huwa kikubwa mara 4. Lakini taa ya simu ina upana wa kama milimita 5, na katika mpangilio huo ukungu wa kingo hufikia milimita 15. Jino la jani lenye kimo cha milimita 2 litakuzwa kuwa milimita 8, kisha litamezwa na ukungu wote ulivyo. Dawa yake ni kuifunika taa kwa karatasi ngumu nyeusi iliyotobolewa tundu la milimita 1. Ukungu utashuka hadi milimita 3 na jino litaonekana, ingawa mwanga utapungua sana, na chumba kitahitaji giza kamili. Njia hii inafaa kwa kuchora umbo ukutani kwa penseli au mkaa. Kwa vitu vidogo zaidi ya hapo tunalazimika kutumia lenzi.

Umbo lililo mbele ya mwanga hutaka kinyume chake. Nyuma ya mmea kuwe na mwanga mpana, mtulivu, unaolingana kila mahali, usio na doa wala mstari. Mwanga wa dirisha tuliokuwa tukiulaumu hapo juu sasa ndio bora. Aina hii ya pili ndiyo tutakayoishughulikia katika sehemu kubwa ya makala haya, kwa kuwa ndiyo inayotoa picha za karibu.

Chumba na sanduku la mwanga

Chumba cha kupanga chenye dirisha moja kinatosha. Studio yetu ni boksi la katoni, kama lile la sabuni au la maji ya chupa, lililolazwa ubavu juu ya meza mbele ya dirisha, mdomo wake ukimtazama mpiga picha. Katika upande wa nyuma, ule unaoelekea dirishani, tunakata mraba na kuufunika kwa karatasi nyeupe ya kuandikia iliyopakwa mafuta ya kupikia, ikafutwa kwa kitambaa na kuachwa ikauke kidogo. Mwanachuo atauliza kwa nini mafuta. Karatasi ni nyuzi zilizoshonana, na kati yake mna nafasi zenye hewa; mwanga ukipita kutoka hewani kuingia katika nyuzi na kutoka tena, hutawanyika na kurudishwa nyuma. Mafuta hujaza nafasi hizo, mwanga ukapata njia iliyonyooka zaidi, na karatasi ikapitisha mwanga mwingi. Jambo hili kila muuza maandazi analijua kwa kuutazama mfuko wake wa karatasi, na ni somo zuri la sayansi peke yake.

Ndani ya boksi, kuta za pembeni, za juu na za chini zipakwe masizi au zifunikwe kwa kitambaa cheusi. Kazi ya weusi huo ni kuzuia mwanga usirudi na kuupiga mmea kwa mbele. Kwa sababu hiyo hiyo mlango wa chumba ufungwe, na mpiga picha asivae shati jeupe. Mmea usimamishwe kama shubiri moja mbele ya karatasi, usiguse karatasi. Ukiigusa, nyuzi na madoa ya karatasi vitaonekana pamoja nao. Ukiwa mbali kidogo, karatasi itageuka kuwa weupe mtupu. Shina lisimikwe katika donge la udongo wa mfinyanzi au katika kipande cha kiazi, na jani moja libanwe kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti. Pepo ndiyo adui mkubwa wa kazi hii. Jani ambalo macho yetu hulihesabu kuwa limetulia, likikuzwa, huonekana likitikisika kama bendera, kwa hiyo vioo vya dirisha vifungwe, na feni izimwe.

Simu nyingi haziwezi kuona vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 8 au 10. Kwa jani zima la mpera au la muhogo umbali huo watosha. Kwa mbegu, laika na miiba midogo, tunaweka lenzi ya kukuzia mbele ya jicho la kamera na kuifunga kwa utepe. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10, ile itumiwayo na mabwana shamba na masonara, humtaka mpiga picha akisogelee kitu mpaka kama sentimita 2.5. Kwa umbali huo ni sehemu nyembamba sana ya mmea itakayoonekana vizuri. Iliyo mbele na iliyo nyuma yake itapata ukungu. Basi jani ligeuzwe mpaka ubapa wake wote uielekee kamera sawasawa. Hapa picha ya kivuli ina nafuu kuliko picha ya kawaida, kwa maana tunachohitaji kukiona vizuri ni kingo tu.

Linalofuata ni kiasi cha mwanga, na ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa mwalimu. Simu ikiachiwa hiari yake, hujaribu kuling'arisha jani, na karatasi ya nyuma ikaungua kwa weupe. Tuguse kioo cha simu mahali penye kingo za jani ili simu ipaangalie hapo, kisha tupunguze mwanga kwa kidole mpaka jani liwe jeusi. Tukimaliza, tusiondoke. Tuuongeze mwanga kidogo kidogo na kupiga picha ya pili ya jani lile lile bila kuligusa. Jani bichi si ubao. Hupitisha sehemu ya mwanga, na mwanga unapoongezwa mishipa hujitokeza katika ubapa wa kijivu. Hivyo kwa jani moja tunapata picha mbili: ya kwanza inaonyesha umbo na kingo, ya pili inaonyesha mishipa. Tukifanya hivyo kwa jani la hindi na jani la mpera, tofauti ya mishipa iliyo sambamba na mishipa iliyosukwa kama wavu itakuwa wazi kwa kila mwanafunzi, na maneno monokotiledoni na daikotiledoni yatapata mahali pa kukaa.

Mimea ichumwe asubuhi na kuwekwa katika maji, kwani jani lililonyauka hukunja kingo zake na kudanganya. Kifauongo kina kawaida yake: kikiguswa hufumba vijani vyake, na hakifumbui upesi. Mpiga picha akitege, anywe chai, kisha arudi. Mkwaju nao hufunga vijani vyake jioni, kwa hiyo anayetaka picha yake asingoje usiku.

Tahadhari ni tatu. Kamera isielekezwe kwenye jua lenyewe, wala mtu asilitazame jua kupitia lenzi. Mnyaa, ambao wengi wamejengea nyua zao na ambao vijiti vyake visivyo na majani hutoa picha nzuri sana, una utomvu mweupe unaoumiza vibaya macho. Akataye aoshe mikono kabla hajagusa uso. Na upupu uachwe ulipo. Laika za tumba lake zikikuzwa ni za ajabu, tunakubali, lakini hakuna picha inayostahili mwasho ule.

Mimea ya kuanzia

Wa kwanza tunaoupendekeza ni magugu ambayo kila mtoto wa Handeni na Korogwe ameyabeba kwenye kaptula yake bila kukusudia: kishona nguo. Mbegu yake ni kijiti cheusi chembamba chenye urefu wa kama sentimita 1, na kwenye ncha yake mna miiba miwili au mitatu. Kwa macho matupu miiba hiyo ni laini. Chini ya lenzi, mbele ya mwanga, kila mwiba unaonekana umejaa vijino vidogo, na vijino vyote vimeelekea nyuma, upande wa mbegu. Hapo mwanafunzi anaweza kuulizwa swali ambalo jibu lake limo katika picha: kwa nini mbegu huingia katika nguo kwa urahisi na kutoka kwa shida? Ndoana ya mvuvi hujibu swali hilo hilo. Kutoka hapo mwalimu anaweza kuendelea mpaka usambazaji wa mbegu kwa njia ya wanyama, na akipenda ataje kwamba mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alizitazama kwa hadubini mbegu za mmea mwingine zilizomnata mbwa wake, na kutokana nazo akabuni ule utepe wa viatu na mabegi unaonata na kubanduka kwa mkwaruzo. Mbegu za De Mestral zilikuwa na kulabu zilizopinda. Zetu zina vijino. Wanafunzi waone tofauti, wasiambiwe kwamba ni kitu kimoja.

Wa pili ni kundi la majani yaliyogawanyika katika vijani: mwarobaini, mkwaju na mlonge. Mtoto anayeishi katikati ya miti hii huitambua kwa mbali, lakini akiulizwa tofauti ya majani yake hunyamaza. Katika picha za kivuli mwarobaini huonyesha vijani virefu vyenye meno, na kila kijani kimepinda kama mundu. Mkwaju huonyesha vijani vidogo visivyo na meno, viwili viwili, jozi kumi au zaidi, vimepangwa kama vidole vya chanuo. Mlonge hugawanyika, kisha matawi yake hugawanyika tena, na vijani vyake ni vya mviringo.

Mkonge haukwepeki mahali kama Korogwe. Ulifika katika nchi yetu mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ubapa wa jani lake ni mnene na haupitishi mwanga, kwa hiyo hutoa kivuli cheusi kikamilifu chenye mwiba mmoja mkali kwenye ncha. Wanafunzi hupenda picha hii. Lakini sisi tunaitumia kwa sababu nyingine: haionyeshi hata kidogo kile ambacho mkonge hulimiwa. Singa zimo ndani ya jani, na kivuli hakizijui. Mwalimu achukue kipande cha jani, akiparuze kwa kisu butu juu ya ubao mpaka nyama itoke, kama korona ifanyavyo kiwandani, aoshe singa, azitandaze juu ya kipande cha kioo mbele ya sanduku la mwanga, na apige picha ya pili. Picha hizo mbili zikibandikwa pamoja, mjadala utaanza wenyewe.

Mwishoni tutaje ua dogo la milima ya Usambara, ambalo mwaka 1892 lilimvutia mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, na ambalo mwaka 1893 Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia ionantha. Leo wataalamu wamelihamishia katika jenasi ya Streptocarpus, lakini jina la zamani bado linajulikana zaidi. Ua hili limejaa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, na wengi wa watoto waliozaliwa chini ya milima hiyo hawajaliona. Majani yake yana laika nyingi, na kingo za jani mbele ya mwanga huonekana kama shavu la mtoto mchanga dhidi ya taa. Atakayelipiga picha alipige likiwa chunguni. Porini limepungua kwa sababu ya kukatwa kwa misitu, na haifai mwalimu wa sayansi awe mmoja wa wanaoling'oa.

Darasani

Simu ibaki nyumbani. Darasani iletwe picha. Kioo cha simu ni kidogo kuliko hata jani la muhogo, na mwanafunzi wa nyuma hatakuwa amepata faida yoyote. Hapa ndipo picha ya kivuli inapoipita picha ya rangi. Picha ya kawaida ya jani, ikipitishwa katika mashine ya fotokopi, hutoka ikiwa matope ya kijivu. Picha ya kivuli haina kijivu cha kupoteza. Hutoka nyeusi na nyeupe kama ilivyoingia, na nakala ya nakala yake bado yasomeka. Vilevile inaweza kufuatishwa kwa penseli juu ya karatasi ya manila, ikakuzwa kwa miraba, ikapakwa masizi au wino. Kwa mwanafunzi asiyeona vizuri, umbo hilo likatwe katika manila ngumu alipapase kwa vidole; meno ya mwarobaini husomeka kwa kidole kama kwa jicho.

Kila picha iwe na kipimo. Kivuli hakina ukubwa: mbegu ya kishona nguo ikikuzwa hulingana na mkuki, na mtoto atakayeiona bila kipimo ataamini mkuki. Njiti ya kiberiti au rula ya plastiki isimamishwe kando ya mmea na ipigwe picha pamoja nao. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloachwa mara nyingi na wanachuo, kwa madai kwamba njiti inaharibu uzuri wa picha. Uzuri utafutwe pengine.

Kuhusu mpango wa kipindi cha dakika 40, wako wanaoshikilia kwamba kitu halisi kitangulie daima na picha ifuate. Tunakubaliana nao kwa mimea ambayo wanafunzi hawaijui. Kwa mimea wanayoijua tunapendelea kinyume chake. Picha zitundikwe kwanza, bila majina, na mwalimu azifanye kama kitendawili: ategewe darasa, wanafunzi wajibu na kila mmoja atoe sababu ya jibu lake. Anayesema "mkwaju" aulizwe ameujuaje. Baada ya dakika kumi na tano hivi vikundi vipewe majani mabichi wayalinganishe na picha, kisha wapewe swali la pili, ambalo ndilo kiini cha somo: jani hili lina nini ambacho kivuli hakikutuambia? Watataja rangi, harufu, unene, ukwaru, utomvu, ladha. Mwalimu ayaandike ubaoni yote.

Swali hilo si la kupamba kipindi. Kivuli cha jani la muhogo mtamu na kivuli cha jani la muhogo mchungu haviwezi kutenganishwa kwa kuaminika, na muhogo mchungu usipoandaliwa vizuri huua. Majani yenyewe yana sumu ya sayanidi, ambayo hupungua kwa kutwangwa na kupikwa muda mrefu. Wanafunzi wetu wengi huchimba muhogo na kuchuma mboga wao wenyewe. Mwanafunzi asitoke darasani akidhani kwamba umbo peke yake linatosha kumwambia mmea gani unalika. Tunamtaka mwalimu aseme jambo hilo kwa maneno yaliyo wazi, na aliseme katika kila kipindi cha namna hii, hata kama wanafunzi wameshachoka kulisikia.

Picha zikitumika zihifadhiwe katika bahasha, mbali na mchwa na unyevu wa masika. Nyuma ya kila moja paandikwe jina la mmea kwa Kiswahili, mahali ulipochumwa, tarehe, na kipimo. Paachwe pia nafasi ya jina lake katika lugha ya nyumbani, Kizigua, Kisambaa au Kibondei, kama wanafunzi watakavyolitaja. Wakitofautiana, yaandikwe majina yote mawili kwa penseli, na wanafunzi waende nyumbani wakawaulize wazee.